Umeitwa kwenye usaili Tanga: mambo ya kutarajia, tangu ujumbe unapoingia hadi siku ya mkataba

Mwongozo huu nimemwandikia kijana wa Tanga anayeitwa kwenye usaili kwa mara ya kwanza au ya pili. Huenda amemaliza chuo na ameomba kazi bandarini, kiwandani Pongwe, shambani kwenye mkonge, hospitalini au halmashauri. Huenda bado ni mwanafunzi na anachotafuta ni nafasi ya fildi au mafunzo ya uzoefu kazini. Nimekaa upande wa wanaouliza kwa muda wa kutosha kujua kwamba wengi wa vijana wetu hawaangushwi na elimu. Wanaangushwa na ukimya. Tumekuzwa tukiambiwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi mtoto wa watu anaingia mbele ya jopo, anainamisha macho, anajibu sentensi moja ya adabu, anashukuru na kutoka. Jopo linabaki halijui alikuwa na nini. Adabu yako baki nayo, ni mali. Lakini usikike.

Hatua ya kwanza: usome ujumbe mpaka mwisho

Ukishaona umeitwa, kabla hujampigia mama na shangazi, kaa chini usome kila neno. Tarehe, saa, mahali, vitu vya kubeba, jina la kada uliyoomba.

Saa ndiyo inayoponza wengi. Ujumbe ukiandika "2:00 asubuhi" ni saa mbili yetu. Ukiandika "08:00" ni saa mbili hiyo hiyo. Lakini ukiandika "2:00" peke yake, bila asubuhi wala mchana, inaweza kuwa saa mbili asubuhi au saa nane mchana. Usibahatishe. Piga simu kwa sauti ya utulivu: "Samahani, nimepokea mwito wa usaili wa Jumanne. Naomba kuthibitisha, ni saa mbili asubuhi?" Hakuna mwajiri atakayekuona msumbufu kwa hilo. Na kama wewe ni wa swala na umepangiwa Ijumaa saa sita na nusu, huo ndio wakati wa kuuliza kama unaweza kuingia mapema kidogo, si siku yenyewe ukiwa kwenye benchi.

Mahali nako kuna mitego. "Njoo kiwandani" haitoshi, uliza geti gani na umtaje nani kwa mlinzi. Ukielekea Pongwe, Chongoleani au shamba la upande wa Muheza, nenda siku moja kabla ukapime muda wa njia, maana daladala husubiri ijae na bodaboda wa asubuhi unaweza kumkosa.

Kazi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma zina utaratibu wake. Tangazo la kuitwa hutoka na orodha ya majina, na namba ya mtihani unaitoa mwenyewe kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi hizo. Inakili mapema. Kituo kinaweza kuwa mkoani au Dodoma, na nauli, chakula na malazi ni juu yako. Anayetoka Tanga kwenda Dodoma kupitia Segera, Chalinze na Morogoro anamaliza siku nzima barabarani; ondoka angalau siku moja kabla, na mjulishe ndugu au rafiki utakapofikia.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu jambo hili linaniuma. Usaili hauna ada. Mtu akikudai hela ya fomu, ya "kushika nafasi", ya sare au ya vipimo kabla hata hujaonwa, huyo ni tapeli, hata kama ametuma barua yenye nembo na muhuri. Na wewe binti, kwa uwazi kabisa: usaili haufanyiki gesti, haufanyiki chumba cha hoteli, haufanyiki usiku kwenye gari la mtu. Akikuambia nafasi ipo ila "tuonane pembeni", hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai kwa Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Hifadhi ujumbe wake, usiufute kwa hasira, kisha piga 113, namba ya bure ya TAKUKURU. Si wewe wa kuona aibu.

Hatua ya pili: vyeti

Kwa serikali, beba vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, cha sita kama unacho, na cha taaluma. Hati ya matokeo haikubaliwi badala ya cheti. Ukisoma nje ya nchi, cheti kiwe kimehakikiwa na mamlaka husika: TCU kwa shahada, NECTA kwa sekondari. Beba kitambulisho, cha NIDA kikiwepo ni bora zaidi.

Sasa tazama majina. Pwani yetu hii ina Mwanaisha aliyeandikwa Mwanaasha, Ally aliyekuwa Ali, na jina la babu lililoongezwa kwenye cheti kimoja na kuachwa kwenye kingine. Majina yakitofautiana unahitaji hati ya kisheria ya kuthibitisha kuwa ni mtu yule yule. Wakili ndiye anayeiandaa, na haikamiliki kwa siku mbili. Yakague majina yako leo, kabla hujaitwa popote.

Kwa fildi ni mepesi: barua ya utambulisho ya chuo, nakala za vyeti, na kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kama chuo kimeshakupa. Panga kila kitu kwenye faili moja, kwa mfuatano, ili ukiambiwa "tuonyeshe cheti cha diploma" usianze kumwaga karatasi mezani.

Hatua ya tatu: andaa matukio, siyo sifa

Hii ndiyo hatua ninayoomba uipe muda mrefu kuliko zote.

Jopo likikuuliza "kwa nini tukuchukue wewe?", wasailiwa tisa kati ya kumi hujibu vilevile: mimi ni mchapakazi, najituma, naweza kufanya kazi na watu. Inawezekana ni kweli. Lakini aliyetangulia kasema hivyo, na anayefuata atasema hivyo, na anayeandika alama hana cha kuandika. Anachoweza kukiandika ni tukio: palikuwa na shida gani, wewe ulifanya nini, ikaishaje.

Sikiliza tofauti. Kijana aliyefanya fildi kwenye ghala la kampuni anaweza kusema: "Nilishiriki katika utunzaji wa kumbukumbu za ghala." Au anaweza kusema: "Kila Ijumaa hesabu ya mifuko ilikuwa haikubaliani na daftari. Nikaomba ruhusa nihesabu asubuhi kabla ya kupakia, badala ya jioni. Nikaona mifuko iliyopasuka inawekwa kando bila kuandikwa. Nikafungua ukurasa wake kwenye daftari, msimamizi akaukubali, na wiki iliyofuata hesabu ikakaa sawa." Ni kijana yule yule na fildi ile ile. Wa pili hakujisifu hata neno moja. Kaeleza alichokifanya.

Utaniambia huna uzoefu. Kaa na daftari jioni moja, uandike. Ulikuwa unashika hesabu za genge la mama kule Makorora, unajua nani amekopa nini na unamdai vipi bila kumkosanisha mama na jirani? Hilo ni tukio kwa anayeomba kazi ya hesabu au ya huduma kwa wateja. Ulifundisha watoto wadogo madrasa, ukapata namna ya kumtuliza yule asiyetulia? Ulisimamia michango ya safari ya darasa ikatosha, au haikutosha mkafanyaje? Ulikuwa unatengeneza baiskeli, na mji huu unavyopenda baiskeli ulikuwa na wateja, ukawa unaweka vipuri vyako kwa mpangilio? Andika manne au matano. Kila moja liwe la kusimulika kwa dakika mbili hivi, na lisimulie kwa sauti, mbele ya mtu atakayekuambia ukweli.

Jihadhari na neno "tulifanya". Ni neno la upole, na nyumbani ndilo sahihi. Mbele ya jopo linaficha. Sema "kikundi chetu kilikuwa cha watu sita, kazi yangu mimi ilikuwa kukusanya sampuli na kuandika majibu". Umewatambua wenzako na umejulikana.

Na usibuni. Jopo lina tabia ya kuchimba: "Daftari hilo lilikuwa na safu zipi? Msimamizi alisema nini?" Aliyefanya hujibu bila kufikiri. Aliyebuni huanza kutoa jasho, na hapo hata aliyoyasema kwa ukweli hayaaminiki tena.

Hatua ya nne: ijue kazi yenyewe na sehemu yenyewe

Soma tangazo la kazi upya, majukumu moja baada ya jingine, ujiulize ni lipi kati ya matukio yako linalingana nalo. Kisha ijue taasisi. Si historia ndefu ya kukariri. Ujue inafanya nini hasa.

Anayeomba bandarini ajue kwamba zamani meli kubwa zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa gatini kwa matishari, na kwamba kuongezwa kwa kina mpaka mita 13 ndiko kulikofanya meli zifunge gatini zenyewe. Ukiijua hiyo, ukiulizwa "unadhani ufanisi wa bandari hii umebadilikaje?" una pa kuanzia. Anayeomba kwa mkandarasi wa Chongoleani ajue kuwa bomba la mafuta ghafi linatoka Hoima, Uganda, mpaka hapo Chongoleani, kilomita 1,443, na kwamba mafuta yale ni mazito kiasi cha kuhitaji kupashwa moto ili yapite. Anayeomba kwenye mkonge ajue njia ya jani: linakatwa, linafungwa mzigo, linapita korona, yaani mashine ya kukwangua jani zibaki singa, singa zinaanikwa, zinapigwa brashi, zinafungwa robota. Ukiweza kulitaja jambo moja kama hilo mahali pake, jopo huinua vichwa.

Kama una jirani anayefanya kazi pale, mwendee. Muulize siku yake ya kazi ikoje. Usimwombe akupitishe.

Hatua ya tano: mavazi na asubuhi yenyewe

Nguo safi iliyopigwa pasi, ya heshima, inayokutosha. Mwanamume shati la mikono mirefu na suruali ya kitambaa. Suti ya kuazima inayokupwaya kwenye joto la Tanga itakusumbua kuliko itakavyokusaidia. Mwanamke gauni au sketi ya kukaa vizuri. Baibui na hijabu ni vazi la heshima, usivue kwa hofu. Kiwandani na bandarini vaa viatu vya kufunika mguu, kwa sababu wanaweza kukutembeza kwenye eneo la kazi. Ukipewa kofia ngumu na kizibao, vaa bila kuuliza kama ni lazima. Usalama ni sehemu ya usaili hata kama hakuna aliyekuambia.

Kunywa chai. Fika nusu saa kabla. Zima simu, usiiweke mtetemo.

Msalimie mlinzi na katibu muhtasi kama utakavyomsalimia mwenyekiti wa jopo. Nasema hivi si kwa hila, ndivyo tulivyo. Ila pia ujue kwamba wao huulizwa baadaye.

Kwa wa fildi: mara nyingi hapatakuwa na jopo. Utakaa kwenye benchi nje ya masijala, halafu afisa utumishi atakuita dakika kumi akiwa na mafaili mengine mezani. Huo nao ni usaili. Atakachotaka kujua ni chuo gani, mwaka wa ngapi, wiki ngapi, na unataka kujifunza nini. Hilo la mwisho wengi hujibu "chochote". Jibu kitu: "Ningependa kukaa idara ya manunuzi, niione hati ya madai inavyopita mpaka kulipwa."

Hatua ya sita: mchujo na vitendo

Penye waombaji wengi, huanza usaili wa mchujo wa kuandika. Soma maelekezo mara mbili, gawa muda, usikwame kwenye swali moja. Penye kazi ya mikono utapimwa kwa kuifanya: dereva ataendesha, katibu muhtasi atachapa, fundi atachomelea, mhasibu atapewa kompyuta na hesabu za kupanga. Dereva anayezunguka gari na kukagua matairi, maji na taa kabla ya kuwasha ameshapata alama kabla injini haijanguruma. Fundi anayevaa miwani na glavu kwanza, vivyo hivyo.

Hatua ya saba: ndani ya chumba

Bisha hodi, ingia, salimia. Watu wengi huniuliza kama shikamoo inafaa. Kwa wazee wa jopo inafaa sana. Wakiwa wamechanganyika na vijana wa rika lako, "habari za asubuhi" kwa wote inatosha, na hakuna atakayeona umekosa adabu. Subiri ukaribishwe kiti.

Utakuta watu watatu mpaka watano. Mbele ya kila mmoja kuna karatasi ya maswali na nafasi ya alama, na maswali ni yale yale kwa wote. Kwa hiyo wakati unazungumza, watakuwa wameinama wanaandika. Vijana huona vile vichwa vilivyoinama wakadhani wamechokwa, wakakatisha jibu katikati. Hapana. Wanaandika ulichosema. Ongea taratibu uwape nafasi, mtazame aliyeuliza, na ukimaliza, nyamaza.

Swali la kwanza karibu kila mara ni kujieleza, na linaweza kuja kwa Kiingereza hata kama mmesalimiana kwa Kiswahili. Usianze na ulikozaliwa na idadi ya ndugu zako. Sema umesomea nini, umefanya nini kinachofanana na kazi hii, na kwa nini uko pale. Dakika mbili. Liandae kwa lugha zote mbili. Katikati ya usaili Kiingereza kikikukwama, omba kwa adabu: "Naomba niendelee kwa Kiswahili ili nieleze vizuri." Wengine watakubali, wengine watasema jitahidi; vyovyote, ni bora kuliko kunyamaza.

Watakuuliza udhaifu wako. Usiseme "sina" wala "nafanya kazi kupita kiasi". Taja wa kweli usiovunja kazi, na unachofanya kuurekebisha: "Nilikuwa naogopa kuongea mbele ya watu, nikaanza kujitolea kuwasilisha kazi za kikundi." Swali usilolijua, sema hulijui, na utalitafutia wapi jibu.

Mshahara: kabla hujaenda, piga hesabu ya kodi, nauli ya mwezi na chakula, uwe na kiwango cha chini moyoni mwako na utaje kiwango cha kati ya hapa na pale. Wakitaja wao, uliza kama ni kabla ya makato. Sekta binafsi mchango wa mfanyakazi NSSF kwa kawaida ni asilimia 10, kuna kodi ya mapato, na aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kiasi kitakachofika mkononi ni kingine kabisa.

Kuna maswali ambayo hayakupaswa kuulizwa. Una mimba? Unaolewa lini? Wewe dini gani, kabila gani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi hiyo, na inamlinda hata anayeomba kazi. Huna haja ya kugombana mle ndani. Rudisha jibu kwenye kazi: "Nimejipanga kutimiza muda na majukumu kama mkataba utakavyosema." Ukitoka, andika kilichosemwa na nani, tarehe na saa.

Mwishoni utaulizwa kama una swali. Uwe nalo. Miezi mitatu ya kwanza mtu wa nafasi hii anatarajiwa awe amefanya nini? Nitaripoti kwa nani? Mwanafunzi aulize nani atakuwa msimamizi wake na kama kuna posho ya kujikimu. Kuuliza posho si uroho, ni nauli hiyo.

Hatua ya nane: baada ya kutoka

Siku hiyo hiyo andika maswali yote unayoyakumbuka. Kwa kampuni binafsi, ujumbe mfupi wa shukrani kesho yake unatosha, na ukipita muda walioutaja, piga simu mara moja kuulizia. Kwa serikali, fuatilia akaunti yako na matangazo. Aliyefaulu bila kupata nafasi anaweza kuwekwa kwenye kanzidata na kupangiwa baadaye, kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo. Ukikosa kwenye kampuni, uliza kwa unyenyekevu ni wapi palipungua. Baadhi watakujibu, na jibu moja la kweli lina faida kuliko makisio ya barazani.

Ukipata, omba mkataba kwa maandishi, uende nao nyumbani ukausome usiku. Angalia kazi yenyewe, mshahara, muda wa majaribio ni miezi mingapi, saa za kazi, ambazo za kawaida hazipaswi kuzidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka, ambayo kisheria ni siku 28. Kisichoeleweka, zungushia kalamu ukaulize kabla ya kutia saini. Na nakala yako, ikiwa na saini za pande zote mbili, ondoka nayo siku hiyo hiyo.